Kapu la Alinacha: Kuitazama Upya Filamu ya Hoop Dreams

Katika hadithi za Alfu Lela Ulela yumo kijana mmoja aliyerithi fedha kidogo kwa baba yake. Akazinunulia vyombo vya kioo, akavipanga katika kapu, akaketi navyo akingoja wanunuzi. Mwili ulikaa, lakini akili haikukaa. Akili iliviuza vyombo vile kwa faida, ikanunua vingine, ikafika kwenye biashara ya johari, ikajenga kasri, ikamposa binti wa waziri. Na alipofika pahala pa kumwonesha mke huyo ubwana wake, kijana akanyoosha mguu ampige teke, na teke likaangukia kapu. Kutokana naye Waswahili wamepata msemo wa ndoto ya Alinacha, nao wautumia hadi leo kwa kila ajengaye ghorofa hewani.

Msemo huo humjia mtu wa pwani kinywani pindi ajaribupo kulihamishia kwa Kiswahili jina la filamu ya Kimarekani, Hoop Dreams. Jina hilo ni gumu kuliko lionekanavyo. Neno la kwanza ni ile pete ya chuma inayoshikilia wavu katika mchezo wa mpira wa kikapu, nalo halina taabu. Taabu i katika neno la pili. Mwingereza hutumia neno moja kwa yale ayaonayo mtu usingizini na kwa yale ayatarajiayo akiwa macho. Kiswahili cha magazeti nacho kimezoea kusema kwamba fulani ametimiza ndoto yake. Kiswahili cha wazee, hata hivyo, huipokea kauli hiyo kwa shaka, maana ndoto kwao haitimizwi, bali huaguliwa. Aliyelala halaumiwi kwa alichokiota. Alinacha alaumiwa kwa sababu hakuwa amelala. Basi mfasiri hana budi kuuliza kabla ya kuandika: vijana wa filamu hii ni waotaji wa aina gani? Na kapu lililo mbele yao ni la nani?

Filamu yenyewe yafaa kuelezwa kwanza, kwani wengi wameisikia bila ya kuiona. Ni filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Steve James, akisaidiana na Frederick Marx na Peter Gilbert, chini ya Kartemquin Films, shirika la filamu la mjini Chicago. Walianza kazi mwaka 1987 wakikusudia kipindi kifupi cha nusu saa kwa ajili ya televisheni ya umma. Walimaliza baada ya miaka mingi wakiwa na picha za saa 250 hivi, wakazipunguza hadi karibu saa tatu. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwezi wa Januari 1994, ikatunukiwa tuzo ya watazamaji kwa upande wa filamu za hali halisi. Mwaka 2005 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kisa chake ni cha wavulana wawili weusi, William Gates na Arthur Agee, wote wakiwa na umri wa miaka 14 hadithi inapoanza. William anakaa Cabrini-Green, mtaa wa majumba marefu ya serikali yaliyojengewa maskini; Arthur anakaa West Garfield Park, upande wa magharibi wa mji. Msaka vipaji mmoja amwona Arthur akicheza kwenye uwanja wa mtaani, naye kwa jicho lake la biashara atambua hapohapo kwamba miguu ile ina bei. Wavulana wote wawili wapelekwa St. Joseph, shule ya sekondari ya Kikatoliki iliyoko Westchester, nje ya mji, safari ya dakika 90 kwenda na dakika 90 kurudi. Shule hiyo ndiyo aliyosoma Isiah Thomas, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zile, na kocha aliyemfundisha, Gene Pingatore, bado yupo kazini. Picha ya Thomas iko ukutani, na kila mtoto mwenye mkono mwepesi aingiapo mlangoni hupimwa kwa picha ile.

Wapenzi wa ushairi wataitambua mara moja njia aliyoipita mwongozaji katika kuupanga mtungo wake. Ni njia ya majibizano. Katika majibizano malenga wawili husimama mbalimbali, pengine hawaonani kabisa, lakini vina ni vimoja na bahari ni moja, na ubeti wa huyu hausikiki vizuri mpaka usikike wa yule. William na Arthur hukaa pamoja shule moja kwa muda mfupi tu. Baada ya hapo njia zao zaachana, na kinachowakutanisha ni uhariri. William anaingia kwenye timu ya kwanza tangu mwaka wake wa mwanzo, jambo la nadra, na upungufu wa karo yake unalipwa na mfadhili, mama tajiri aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Encyclopaedia Britannica. Arthur, ambaye kimo chake kimechelewa na mchezo wake haujakomaa, anatolewa shuleni katikati ya mwaka wa pili kwa sababu wazazi wake wameshindwa kulipa. Umaskini wao ni mmoja, shule ni moja, hata mwaka ni mmoja. Sauti ya msimulizi haina haja ya kusema kwamba lau Arthur angekuwa mrefu zaidi kwa inchi chache deni lile lingepata mlipaji. Picha mbili zilizofuatana zimekwisha kusema.

Kupanda kwa William ndiko kunakojaza sehemu kubwa ya filamu, na hapa ndipo mtazamaji asiyeijua Marekani anapojifunza namna soko hilo linavyofanya kazi. Kule timu za vyuo vikuu ni mlango wa kuingilia mchezo wa kulipwa, na tena ni biashara kubwa peke yake. Vyuo huanza kumfuata mtoto akiwa bado sekondari. Barua humiminika nyumbani kwa Gates, zenye nembo za vyuo na maneno matamu, mpaka hazina pa kuwekwa. Makocha huja wenyewe, wakaketi kwenye makochi ya mama Emma Gates, wakazungumza kwa adabu ambayo mtaa ule haujaizoea kutoka kwa watu wenye tai. Mwaka 1990, wakati wa kiangazi, William anaalikwa kwenye kambi ya Nike huko Princeton, pamoja na wachezaji bora wa sekondari zaidi ya mia moja kutoka nchi nzima. Uwanjani wanacheza watoto. Vitini wamekaa makocha wa vyuo vyenye majina makubwa, madaftari mapajani. Msaka vipaji mmoja akiri mbele ya kamera kwamba biashara ile imekwisha kuwa soko la nyama. Naye mwongozaji filamu Spike Lee, aliyealikwa kuzungumza na vijana, awaambia waziwazi kwamba wamo mle kwa sababu shule na vyuo vitapata fedha kwa migongo yao. Watoto wamsikiliza kwa heshima, kisha warudi uwanjani.

Mtu aweza kudhani kwamba filamu yenye maneno makali namna hiyo itageuka kuwa hotuba. Haigeuki, na sababu ni goti. Katika mwaka wake wa tatu William aumia goti, apasuliwa, arudi mchezoni mapema, aumia tena. Kutoka hapo mchezo wake waingiwa na hesabu. Hapo awali alikuwa akiruka kwanza na kuwaza baadaye. Sasa awaza kwanza. Mabadiliko hayo hayaelezwi na daktari wala kocha, huonekana katika namna anavyotua. Uko mchezo mmoja muhimu ambao dakika zake za mwisho zamleta kwenye mstari wa mitupo huru, hapana wa kumzuia, ni yeye na pete tu. Mpira wa kwanza wakataa kuingia. Wa pili nao wakataa. Msimu wa timu wafa pale. Kamera haiendi kwenye ubao wa matokeo. Yabaki kwenye uso wa kijana wa miaka 17 anayejua kwamba mamia ya watu wazima walikuwa wameweka matumaini yao katika kiganja chake.

Hata hivyo anachaguliwa na Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, lakini ubao wa mwisho anaopaswa kuuruka ni wa karatasi. Sheria za michezo ya vyuo zinadai apate alama 18 katika mtihani wa kuingilia chuo. William anaufanya mtihani huo mara kadhaa bila kufika. Mwisho apata 17.5, na hesabu yapandishwa hadi 18. Nusu alama ndiyo iliyomvusha mtoto aliyeandikiwa barua za sifa kwa mamia. Mtu yeyote aliyewahi kusoma kwa taabu, bila ya mwalimu mzuri, atakielewa kimya kinachotanda katika sehemu hiyo, na atajiuliza kwa nini madaftari ya makocha hayakuwa na safu ya kuandika kama mtoto anasoma vizuri au la.

Arthur, kwa upande wake, ameangukia Marshall, shule ya serikali iliyo karibu na kwao, chini ya kocha Luther Bedford, mzee mwenye maneno machache asiyemwahidi mtu kitu. Na hapa majibizano yageuka. Yule aliyetupwa aanza kuchanua. Mwaka 1991, wakati timu ya William imekwisha kuondoshwa, Marshall inapanda ngazi kwa ngazi mpaka fainali za jimbo la Illinois mjini Champaign, ikatoka na nafasi ya tatu. Wakati huohuo wazazi wa Arthur walazimika kurudi St. Joseph na kukaa mbele ya meza ya mhasibu, kwa kuwa shule inashikilia rekodi za masomo yake hadi mpango wa kulipa deni la zamani upatikane, na bila ya rekodi hizo hawezi kuhitimu. Hakuna anayepiga kelele katika ofisi ile. Watu wote ni wapole. Ni upole unaoumiza kuliko ukali, na mwongozaji ameuacha uendelee kwa urefu wake.

Sasa yafaa kuligusa jambo ambalo msomaji wa pwani hawezi kulikwepa, nalo ni sitara. Ushairi wa Kiswahili umelelewa katika adabu ya kusitiri. Malenga akitaka kusema aibu ya jirani hutaja mti, chombo au ndege, na mwenye kuelewa huelewa. Filamu ya hali halisi haina fumbo. Uso ni uso, na jina ni jina. Katika sehemu iliyozungumzwa sana, Arthur anacheza kwenye uwanja wa mtaani na baba yake, Bo, yupo pembeni. Kidogo kidogo baba ajisogeza hadi ukingoni mwa uwanja, na nyuma ya mwanawe, mchana kweupe, anunua dawa za kulevya. Kamera imemfuata. Arthur aona. Je, ni haki kwa mgeni mwenye mashine kumwonesha baba namna ile, kisha picha hiyo izunguke dunia nzima na ibaki milele?

Jibu jepesi ni kusema kwamba ukweli ni ukweli. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa ukweli uliokatwa vipande ni rahisi kuugeuza uongo. Lau filamu ingemwacha Bo pale ukingoni mwa uwanja, ingekuwa imemtendea kama wale wasaka vipaji wanavyomtendea mwanawe: imechukua kilicho na bei, ikaondoka. Haikuondoka. Yamfuata hadi anapotoka jela, anapoacha dawa, anaposimama kanisani na kukiri, na anaporudi kutafuta nafasi katika nyumba ambayo mtoto ameshajifunza kuishi bila yeye. Karibu na mwisho baba na mwana wacheza wawili peke yao, na mchezo ulioanza kwa mzaha waingiwa na hasira ambayo hakuna kati yao aitakaye kuitaja. Muda ndio uliofanya kazi ya sitara. Aliyeoneshwa katika aibu yake ameoneshwa pia katika toba yake, na mtazamaji aliyeharakisha kumhukumu anajikuta yeye ndiye aliyevuliwa nguo.

Lakini mtihani mkubwa zaidi kwa mwongozaji watoka kwa mama. Sheila Agee amebaki peke yake na watoto, umeme umewahi kukatwa nyumbani, na msaada wa serikali anaoupata ni dola 268 kwa mwezi. Akiwa anaeleza hayo anageuka na kuwauliza wenye kamera kama wao hujiuliza anaishije. Ni swali la sekunde chache. Filamu nyingi zingelikata, kwani linamtoa mpiga picha mafichoni na kumweka kwenye mizani. Hapa limeachwa. Kwa kuliacha, James na wenzake wamekubali kwamba nao ni miongoni mwa waliokuja katika nyumba zile kwa sababu ya mpira, na kwamba kama mtoto yule asingekuwa na kipaji wao pia wasingegonga mlango. Swali la mama huyo lamfikia hata aliyekaa kitini akitazama. Hiyo ndiyo sehemu yenye ujasiri kuliko zote katika filamu nzima, na hapana pointi iliyofungwa.

Mama huyohuyo ndiye anayempikia Arthur keki ya kutimiza miaka 18, na asemapo kwamba ni jambo la kushukuru mtoto wake kufika umri huo, hasemi kwa mkazo wowote. Katika mtaa wake vijana wengi hawafiki. Kisha filamu yaongeza kwa ufupi kwamba siku hiyohiyo iliyomfanya Arthur mtu mzima ndiyo iliyoufuta msaada uliokuwa ukitolewa kwa ajili yake. Furaha na hasara zimefika kwa tarehe moja, na hakuna muziki uliowekwa wa kumwambia mtazamaji alie.

Kazi hii ina dosari, na si haki kuzifunika kwa sababu ya mapenzi. Ya kwanza ni sauti ya msimulizi, ambayo ni ya James mwenyewe. Mara nyingi ni ya kiasi, inatoa tarehe na matokeo, ikanyamaza. Lakini ziko pahala ambapo yaeleza kile ambacho picha imekwisha kukieleza, na sikio lililozoea mizani hung'amua mara moja kwamba mstari umezidi. Shairi la namna hiyo wajuzi huliita guni, hata kama maneno yake ni mazuri. Ya pili ni wanawake vijana. Catherine, aliyezaa na William wakati wote wawili wakiwa bado shuleni, anaonekana mara chache na kuzungumza mara chache zaidi. Kwa hakika ana hadithi ya mtu aliyeachiwa mtoto wakati mwenzake anaandikiwa barua na vyuo, na hadithi hiyo imebaki pambizoni.

Ya tatu ni kocha Pingatore. Filamu haimsingizii, lakini ameachiwa abebe mzigo mkubwa kuliko wake. William asimulia kwamba alipomwendea kocha kwa ushauri juu ya matatizo ya kifamilia, aliambiwa awaweke kando. Maneno hayo ni mazito, na mtazamaji huondoka akiwa amempata mtu wa kumchukia. Ni faraja, na faraja hiyo si salama, maana kocha yule naye ni mwajiriwa anayehesabiwa kwa ushindi, na angeondoka leo kesho angekaa mwingine kitini pake. Jibu bora kwake latoka kwa William mwenyewe siku ya kuagana, anaposema kwa tabasamu kwamba anakwenda kusomea mawasiliano, ili siku kocha atakapomwomba mchango wa shule ajue namna nzuri ya kumkatalia. Hapo mtoto ametoa pigo ambalo mhariri asingeweza kulitunga.

Ilipotoka, filamu hii ilisifiwa mno. Mhakiki maarufu wa Chicago, Roger Ebert, aliihesabu kuwa filamu bora ya mwaka 1994, na baadaye bora ya muongo mzima wa 1990. Wateuzi wa tuzo za Oscar hawakuitia katika orodha ya filamu za hali halisi. Iliteuliwa kwa uhariri tu. Kelele zilizozuka zilichangia kubadilishwa kwa utaratibu wa uteuzi. Katika kosa lao mlikuwa na ukweli mmoja ambao hawakuukusudia: uhariri ndio uliobeba kazi yote.

Dunia iliyomo ndani yake sehemu kubwa imekwisha kutoweka. Jumba refu la mwisho la Cabrini-Green lilibomolewa mwaka 2011. Kocha Pingatore alifariki mwaka 2019, na shule ya St. Joseph ilifungwa mwaka 2021. Curtis, kaka yake William, aliyekuwa mchezaji mwenye kipaji na ambaye nyota yake ilizimika chuoni, aliuawa mwaka 2001. Bo Agee aliuawa mwaka 2004, baada ya kuwa amejitengeneza upya. Wasomaji wa Al-Inkishafi wanajua namna mshairi anavyozipitia nyumba za Pate zilizohamwa na kuuliza wako wapi waliokuwemo. Hoop Dreams haikutengenezwa kuwa maombolezo, lakini miaka imeigeuza kuwa hivyo. Mtazamaji wa leo anawaona Curtis na Bo wakicheka, naye anajua wasilolijua.

Sheria nazo zimebadilika. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwagawia moja kwa moja sehemu ya mapato. Mtu aweza kusema basi kwamba filamu imekuwa historia. Haijawa. Fedha ile inamfuata aliyekwisha kung'aa. Mtoto wa miaka 14 ambaye kimo chake kimechelewa bado yuko mlangoni, na yule mwenye jicho la biashara bado anapita viwanjani. Kilichobadilika ni bei, na ambaye hajachukuliwa hana bei.

Sasa turudi kwenye kapu. Kwa kawaida filamu hii husimuliwa kama kisa cha vijana wawili walioota ndoto kubwa isitimie. Ni kweli kwamba hakuna kati yao aliyecheza katika ligi kuu ya kulipwa, NBA. William alikwenda Marquette, goti likamsumbua, akapata shahada yake, akawa mchungaji. Arthur alipita chuo kidogo cha Missouri, kisha Chuo Kikuu cha Arkansas State. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kwamba waotaji wakubwa walikuwa wengine. Curtis aliota kwa miguu ya mdogo wake. Bo aliota kwa mikono ya mwanawe. Shule iliota kupata Isiah Thomas wa pili, kampuni ya viatu iliota mauzo, msaka vipaji aliota heshima ya kuwa wa kwanza kumwona. Kila mmoja aliketi barazani, akavipanga vyombo vyake vya kioo kapuni, akaanza kuhesabu faida. Vyombo vile vya kioo ndio hao watoto.

William alikuja kulijua hilo kabla ya watu wazima. Mwishoni, akiwa anafungasha maisha yake ya shule, aeleza kwamba watu humwomba asiwasahau atakapofika NBA, naye huwa anataka kuwajibu kwamba wao pia wasimsahau asipofika. Hayo si maneno ya Alinacha. Ni maneno ya chombo kilichoona mguu unanyooshwa, kikajitoa kapuni kabla ya teke kufika.

Yumo hata hivyo mwotaji mmoja ambaye ndoto yake haikumhitaji mtoto aicheze. Sheila Agee, katikati ya shida zile zote, alikuwa akisoma kozi ya uuguzi msaidizi. Siku ya mahafali chumba ni kikubwa na viti vingi havina watu. Hakuna kocha aliyekuja, hakuna daftari pajani, hakuna barua yenye nembo. Aambiwa kwamba amepata alama za juu kuliko wenzake wote darasani, naye ashindwa kujizuia, analia huku anacheka, akisema kwamba walikuwapo watu waliomwambia hataweza. Kamera, iliyokuja Chicago kufuata mpira, imesimama pale ikimtazama, na kwa muda haina haraka ya kwenda kokote.